Sura ya Sita: Umri wa Nani?

Katika kabati la shangazi yangu, nyumbani kwake Majengo, Mombasa, mna droo moja iliyotengwa kwa vitu ambavyo havitumiki na wala havitupiki: miwani ya marehemu mumewe, funguo za makufuli yaliyokwisha kupotea, risiti za stima za miaka iliyopita, na kijitabu chembamba chenye jalada la rangi ya dhahabu, kilichopigwa chapa kwa lugha tano ambazo hata moja si Kiswahili, kinachotoa habari ya kwamba zile sufuria saba alizozinunua kwa wakala aliyekuja kupika barazani kwake zina dhamana ya maisha. Siku aliponiita nikamsomee kijitabu hicho, sufuria iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa juu ya meza, imesuguliwa ikang'aa kama kioo, kishikio chake kimoja kimepasuka na kung'oka, na skrubu imesalia ikining'inia kama jino la mtoto.

"Hebu nisomee hapo, mwanangu," aliniambia, "maana yule kijana alinihakikishia kuwa hizi nitazipikia mpaka nife, kisha niwaachie wajukuu."

Nikasoma. Dhamana ilikuwapo, tena kwa herufi kubwa zilizojaza ukurasa wa kwanza wote. Lakini kurasa kumi na moja zilizofuata, ambazo herufi zake zilikuwa ndogo mfano wa sisimizi, zilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kuipunguza. Madini ya sufuria yamo katika dhamana, ila vishikio havimo, wala kirungu cha kifuniko, wala mpira. Ufa hautambuliwi kuwa ni ufa mpaka mafundi wa kampuni wautazame kwa macho yao wenyewe huko ng'ambo, na nauli ya sufuria, kwenda na kurudi, ni juu ya mwenyewe. Aliyechelewesha hata fungu moja la malipo amejivua dhamana kwa mkono wake. Na mwisho kabisa, mahali ambapo msomaji wa kawaida huwa amekwisha kukifunga kitabu, imeandikwa kwamba dhamana hii ni ya mnunuzi wa kwanza peke yake, haihamishiki kwa mauzo, wala kwa hiba, wala kwa mirathi.

"Na wajukuu je?"

"Wajukuu watarithi sufuria, shangazi. Dhamana utakwenda nayo."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyelipa shilingi 96,000.

Sikusudii kumshutumu yule kijana, wala kampuni iliyomtuma, kwa kuwa kila neno alilolitamka lilikuwa na kivuli cha ukweli, na mtu hawezi kumshitaki mwenziwe kwa kivuli. Alisema maisha, na maisha yalikuwamo. Ila hakuulizwa ni maisha ya nani, naye, kama ilivyo desturi ya wauzaji, hakujibu swali ambalo halikuulizwa. Maana neno hilo, ukilipindua na kulitazama chini kama mtu anayekagua chungu sokoni, utaona kwamba laweza kuwa umri wa mnunuzi, au umri wa chombo chenyewe, ambao mwenye kiwanda ndiye anayeukadiria na ambao kwa maelezo yake huenda ukawa umekwisha siku ile ile kilipoharibika, au umri wa kampuni, au umri wa namna ile ya chombo madhali bado inatengenezwa. Serikali ya Marekani, nchi ambayo biashara ya ahadi za namna hii imestawi mno, ilipotunga mwongozo wa matangazo ya dhamana, ilimtaka mwenye kutangaza "maisha" aseme ni maisha yapi, ikatoa mfano wa ekzosi ya gari: fundi akikuahidi kuwa ekzosi ni ya maisha, naye amekusudia maisha ya gari ilhali wewe umefahamu maisha yako, basi kuna hadaa kati yenu hata kama hakuna aliyesema uongo.

Mfano ulio mzuri zaidi ni ule wa kalamu, na nitakaa nao kidogo, kwa kuwa wazee wetu nao walizijua kalamu hizo. Karani wa zamani wa pwani hii, aliyevaa kanzu safi au suti ya kaki, hakutoka nyumbani bila ya kalamu ya wino mfukoni, kishikizo chake kikionekana kwa nje, maana kalamu ilikuwa ndiyo cheo chake na ilimu yake kwa pamoja. Mwaka 1920 Walter Sheaffer, mwenye kiwanda cha kalamu katika mji wa Fort Madison, jimbo la Iowa, alianza kuuza kalamu aliyoiita ya maisha kwa bei ya dola 8.75, fedha nyingi mno kwa kalamu katika siku zile, na baada ya miaka minne akaitia nukta nyeupe juu ya kifuniko ili kila aonaye ajue kuwa aliyeichomeka ana dhamana. Kampuni ya Parker, ya Janesville, Wisconsin, haikukubali kuachwa nyuma. Nayo ikawa na alama yake ya almasi ya buluu juu ya kishikizo chake chenye umbo la mshale, na alama hiyo maana yake ilikuwa hiyo hiyo, maisha.

Sasa tazama jinsi mambo yalivyokuwa. Kalamu ikivunjika, mwenyewe aliipeleka kwa kampuni, nayo ikatengenezwa bure. Ila alitakiwa aambatishe senti 35. Senti 35 si mali, na mtu aliyenunua kalamu ya dola nane hashindwi kuzitoa. Walakini kitu kinachotengenezwa kwa malipo si kitu kinachotengenezwa bure, na halmashauri ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ikashikilia neno hilo hilo, ikawaandama wenye viwanda. Parker ikakata rufani, na mwaka 1946 mahakama ya rufani ya Chicago ikatoa hukumu ambayo mimi huiona ya hekima: kampuni na iendelee kusema maisha ikipenda, lakini ile ada itajwe papo hapo, ubavuni pa ahadi, kwa uwazi, isifichwe katika ukurasa mwingine. Haukupita muda mrefu almasi ile ikaondoka katika kalamu. Ikawa dhahiri kwamba ahadi iliyopendeza ikiwa peke yake haikupendeza tena ilipolazimishwa kukaa na sharti lake juu ya mkeka mmoja.

Kampuni nyingine zilitoa ahadi kwa moyo mkunjufu na zikaitimiza kwa miaka mingi, na haki ni kuzitaja. Leon Leonwood Bean, wa Freeport katika jimbo la Maine, mwaka 1912 aliuza kwa njia ya posta jozi 100 za viatu vya wawindaji, chini mpira na juu ngozi, na jozi 90 zikamrudia kwa kuwa mpira na ngozi viliachana. Akakopa fedha, akawarudishia watu haki yao, akatengeneza viatu vingine vilivyo bora. Kwa neno hilo jina lake lilikua, na duka lake likawa na desturi ya kupokea kila kilichorudishwa bila ya kuhesabu miaka. Lakini mwezi wa Februari mwaka 2018 warithi wake waliifuta desturi hiyo, wakaweka mwaka mmoja na risiti mkononi, kwa sababu walikuwa wamezuka watu wanaonunua vitu vikuukuu vya duka hilo katika minada ya uani kwa akali ya fedha, kisha wakavirudisha dukani na kudai vipya. Nami nimewajua watu wa tabia hiyo bila ya kuvuka bahari. Dhamana huuawa na pande zote mbili, na mnunuzi mwenye tamaa humwibia si mwenye duka tu, bali na mnunuzi mwaminifu ambaye atakuja baada yake.

Nayo kampuni ya maduka ya Sears, iliyokuwa ikiuza zana za mkono zenye jina la Craftsman tangu mwaka 1927, ilikuwa na sifa kwamba mtu huingia na spana iliyovunjika akatoka na spana mpya, asiulizwe risiti. Mwaka 2017 jina hilo la Craftsman liliuzwa kwa kampuni nyingine, Stanley Black & Decker, na mwezi wa Oktoba mwaka uliofuata Sears yenyewe ikaomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika. Aliyenunua jina aliipokea na dhamana. Lakini duka baada ya duka lilikuwa likifungwa, na mwenye spana iliyovunjika akawa na ahadi iliyo hai na mlango uliokufa. Hapo ndipo ionekanapo kasoro ambayo sheria haiwezi kuiponya: mwenye kudhamini naye ni kiumbe mwenye ajali yake, na kampuni, ambayo haina mwili, hufa kwa wepesi kuliko mwanadamu.

Neno lenyewe dhamana, tulilolipokea kutoka Kiarabu, halikuwa na maana ya karatasi. Mdhamini ni mtu. Ni yule anayesimama mbele ya kadhi au hakimu na kusema, huyu asipolipa nitalipa mimi, na watu humkubali kwa kuwa wanaijua nyumba yake, na shamba lake, na msikiti anamoswali. Katika darasa za fiqhi za pwani yetu mwanafunzi hujifunza kwamba mnunuzi aliyegundua aibu iliyokuwamo katika kitu kabla hajakipokea, naye hakuonyeshwa, ana hiari ya kukirudisha. Na hujifunza pia kwamba deni lenye ajali isiyojulikana huharibu mauzo, hata mtu asiweze kusema, nitakulipa siku atakaporejea msafiri fulani. Wanazuoni wa fiqhi waliogopa muda usiokuwa na mpaka, kwa kuwa walijua kwamba kisicho na mpaka hakina mahali pa kushikwa. Haki ya kurudisha kitu kibovu haina haja ya jalada la dhahabu, na sheria za mauzo za Kenya na Tanzania zinaitambua kwa namna yake. Ila watu wetu wengi hawaidai, kwa haya, au kwa sababu ya ile karatasi ya dukani iliyobandikwa ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, wakadhani ya kuwa karatasi ya mwenye duka ina nguvu kuliko sheria ya nchi.

Tuje kwenye bei. Dhamana haitolewi bure; imo ndani ya bei kama maji yalivyomo ndani ya dafu, na mnunuzi huilipia siku ya kwanza, akahitaji au asihitaji. Katika watu mia wanaoinunua, wengine watapoteza karatasi, wengine watahama mji, wengine watakufa, wengine wataona uvivu au aibu ya kwenda kudai, na wachache watakaobaki watakutana na zile kurasa kumi na moja. Mwenye kampuni anayajua haya yote, naye amekwisha kuyapigia hesabu. Basi na sisi tupige yetu. Shangazi angeliweza kununua Marikiti seti ya sufuria za bati, zile za kila nyumba, kwa shilingi 3,000. Kwa bei ya sufuria zake za maisha angelipata seti 32 kama hizo, na tukisema kwa uchache kwamba kila seti hudumu miaka minne, zingelimfikisha miaka 128. Naye wakati huo alikuwa na miaka 61.

Najua nitakayojibiwa: rahisi ni ghali. Ni kweli, na mtu aliyenunua panga la bei ya chini akaona mpini umemwachia katikati ya shamba, au kiatu kilichofumuka wiki ya pili ya shule, hahitaji kuhubiriwa na mtu kwamba kitu chema kina bei yake. Lakini kitu chema si lazima kiwe ni kile chenye ahadi nene. Tazama cherehani. Katika baraza za mafundi nguo, kuanzia Lamu hata Kilwa, zimo cherehani za miguu zilizonunuliwa na babu, zikashonea kanzu za harusi za wana, na sasa zinashona sare za shule za wajukuu. Wala fundi hana karatasi yoyote ya dhamana, na akiwa nayo hajui iliko. Kilichozidumisha ni mambo yaliyo wazi kabisa: zimefungwa kwa skrubu zinazofunguka, mkanda wake wa ngozi ukikatika waunganishwa kwa kipande cha waya, sindano na bobini zapatikana katika kila mji, na kuna mtu mtaani ambaye akiisikia inavyolia anajua mahali inapouma. Kabla ya kuuliza dhamana ni ya miaka mingapi, mimi siku hizi huuliza, je, kitu hiki kinafunguka, na spea zake zinauzwa wapi?

Cherehani ina somo jingine, kwa kuwa katika hiyo ndiyo ilikuzwa desturi ya kulipa kidogo kidogo. Mwaka 1856 Edward Clark, mshirika wa Isaac Singer, alipoona kwamba jamaa za wastani hawawezi kutoa bei ya mashine kwa mkupuo mmoja, aliwapa wachukue kwa malipo ya awali kisha wamalizie mwezi kwa mwezi, na mauzo yakaongezeka sana. Desturi hiyo ilienea duniani, ikafika kwetu, na leo vijana wa Nairobi na Mombasa huiita lipa mdogo mdogo, wakachukua kwayo simu, pikipiki na makochi. Lakini iangalie tofauti: mshoni anayekopa cherehani, cherehani inamlipia, mama muuza mahamri akikopa karai, karai linamlipia, kila alfajiri, kwa mafuta yanayochemka. Sufuria ya mtu kujipikia mwenyewe haimlipii. Shangazi alitoa shilingi 24,000 za mwanzo, alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kutengeneza paa, kisha alipaswa kutoa 6,000 kila mwezi kwa miezi kumi na miwili. Mwezi wa saba mjukuu wake alilazwa, malipo yakachelewa siku ishirini, na kwa mujibu wa ukurasa wa nane dhamana yake ya maisha ikafa hapo, ikiwa na umri wa miezi saba. Deni halikufa. Aliuza bangili moja ya dhahabu ili alimalize, na bangili ile alikuwa amepewa na mama yake, wala haikuwa na sharti lolote juu ya mirathi.

Hapo ndipo niuonapo ubaya, wala si katika ile sufuria, ambayo kwa hakika ni chombo kizuri, kizito, kisichounguza wali. Ahadi ya muuzaji ilikuwa na masharti ya kurasa kumi na moja, na ahadi ya mnunuzi haikuwa na sharti hata moja. Wahenga wetu waliposema jikune ujipatapo hawakumkataza mtu kutamani kitu chema. Walikuwa wakimweleza urefu wa mkono wake. Mtu ambaye mkono wake haufiki kwenye kitu kipya kilicho bora anaweza kukipata kikuukuu: huko sokoni Kongowea, siku za kufungua marobota ya mitumba, utaona koti la sufi lililoshonwa kwa mkono stadi, au kiatu cha ngozi chenye soli ya kushonwa, vinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana, dhamana yake imekufa pamoja na haki ya mwenyewe wa kwanza huko Ulaya, na mwili wake ungali mzima. Nimevaa viatu vya namna hiyo kwa miaka tisa, nikabadilisha soli mara mbili.

Ama ile sufuria, niliichukua siku ile ile nikaipeleka kwa fundi bati mmoja anayekaa chini ya mwarobaini, si mbali na Mwembe Tayari. Ni mzee mfupi, mwenye vidole vilivyopinda kwa kazi. Aliigeuzageuza, akaipiga kwa kucha akasikiliza mlio wake, akasema, "Madini haya si mchezo." Kisha akachukua kipande cha mti wa mkoko, akakichonga kwa kisu, akakitoboa kwa msumari uliotiwa moto mpaka moshi ukapanda, akakipitishia skrubu yake mwenyewe, ndefu kuliko ile ya kwanza, na akaikaza. Kazi ilichukua muda wa kunywa kahawa vikombe viwili. Bei shilingi 200.

Nikamuuliza, nusu kwa mzaha, "Na dhamana yako, mzee, ni ya muda gani?"

"Kikitoka, niletee," alisema. "Mimi nipo hapa. Usiponiona, waulize hao wauza kahawa, watakuonyesha kwangu."

Kile kishikio cha zamani, cheusi, kilichopasuka, aliniomba nimwachie. Nilipomuuliza ni cha nini, hakunijibu, ila alisogeza kwa mguu debe lililokuwa nyuma yake, akakitupa humo. Nikachungulia. Lilikuwa na vishikio vingine vya namna ile ile, vyeusi, vyenye chapa ile ile ya dhahabu iliyofifia, na lilikuwa limekwisha kupita nusu.